Mzee Nafasi Ipo

Mjini kila kitu kinauzwa, lakini kitu cha bei kubwa kuliko vyote ni kimya. Nalisema hilo kwa uzoefu. Nimekitafuta kwa miguu yangu mwenyewe, jengo kwa jengo, na kila dalali aliyeniapia kwamba chumba chake "kimetulia kabisa, dada" alikuwa anapaza sauti ili nimsikie.

Kampuni yetu ilikuwa changa na ilikuwa na watu wawili. Mimi ndiye sauti, mwenzangu ndiye masikio. Tulikuwa tunarekodi vitabu vya shule kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Mwenzangu tulimbandika jina la Sikio tangu chuoni, si kwa sababu ana masikio makubwa, ingawa anayo, bali kwa sababu anaweza kukwambia friji ya jirani inakaribia kufa kabla jirani mwenyewe hajajua. Haongei sana. Mimi naongea kwa niaba ya wote wawili, na hasira zangu ziko karibu. Hilo nalisema mapema ili lisije likakushangaza huko mbele.

Ofisi yetu ilikuwa kabati la nguo. Si mafumbo. Nilikuwa naingia ndani ya kabati la chumba nilichopanga, nakaa kwenye kigoda katikati ya makoti, naye Sikio anafunga mlango na kukaa kitandani na kompyuta yake. Tunarekodi hadi jirani wa juu aburute kiti, au pikipiki ipite, au mtoto wa chini alie. Tunasubiri, tunaanza upya. Kurasa mbili zilikuwa zinakula asubuhi nzima. Hata hivyo kazi yetu ilipendwa, na siku moja chama cha shule za wasioona kikatuita. Walikuwa na vitabu arobaini, kazi ya miaka mitatu. Sharti lao lilikuwa moja tu: tuwe na chumba cha kweli, na mkaguzi wao aje akae ndani yake wakati tunarekodi. Mkaguzi huyo alikuwa mwalimu mstaafu, mama ambaye mwenyewe haoni tangu kuzaliwa, na watu walituonya kwamba hajapata kudanganywa na mtu.

Tulipewa wiki tatu. Madalali wakazila mbili.

Chumba cha maana tulichokipata kilikuwa kimoja, ghorofa ya saba, katika jengo la vioo. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Maana yake ni kwamba akiba yetu yote ingeingia kwenye chumba na sisi tungebaki tumekaa ndani yake tukitazamana. Tungekuwa na kimya lakini hatungekuwa na chakula, na tumbo lenye njaa linanguruma hadi kwenye kipaza sauti. Muulize Sikio.

Sikio aliweka shavu ukutani. "Lifti," akasema.

"Lifti yetu ni ya kisasa, kaka," dalali akajibu. "Haina sauti hata kidogo."

Sikio akanyoosha vidole vitatu, akakunja kimoja, akakunja cha pili, akakunja cha tatu, na ukuta ukaguna. Dalali akacheka kama mtu aliyefumaniwa. Akatuambia anatushikia chumba mpaka Ijumaa jioni, baada ya hapo kinakwenda kwa mtu wa bima.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi saa kumi kamili baba hupiga simu. Si saa kumi kasoro, si saa kumi na kitu. Nilimwamkia, nikamwaga malalamiko yangu yote: vyumba, kodi, lifti, mtu wa bima. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Lakini mama, mbona huku nafasi ipo?"

Nilikata simu. Ndiyo, nilimkatia baba yangu mzazi simu. Kumbe simu ilikuwa kwenye spika, na Sikio amenikodolea macho.

"Nafasi gani?" akauliza.

Ikabidi nimweleze jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu yeyote mjini. Baba alikuwa fundi wa chumba cha baridi cha ushirika wa maziwa, katika mji mdogo nilikozaliwa. Ushirika ulikufa miaka kumi na moja iliyopita. Mitambo iliuzwa, magari yakauzwa, hata madebe yakauzwa. Kilichobaki ni chumba, kwa sababu chumba hakibebeki. Kamati ilimkabidhi baba ufunguo na kumwambia akitunze mpaka watakaporudi. Hawakurudi. Baba akaendelea kwenda. Riziki aliipata kwa kutengeneza friji za watu majumbani, lakini kila asubuhi, kabla ya friji ya mtu yeyote, alikwenda kufungua ule mlango, akafagia sakafu, akapaka grisi bawaba na akafuta mpira unaozunguka mlango. Akimaliza anatundika ubao.

Ubao ndio uliotumaliza. Enzi za maziwa ulikuwa unawaambia watu wanaotoka mashambani na madebe yao kama chumba bado kinapokea. Upande mmoja wa buluu umeandikwa NAFASI IPO. Upande wa pili mwekundu umeandikwa KIMEJAA. Kwa miaka kumi na moja, mbele ya chumba kitupu, kila siku aliyoijalia Mungu, baba alitundika NAFASI IPO, na mji mzima ukampa jina hilo. Mgeni akikosa kiti kwenye harusi anaambiwa aende kwa Mzee Nafasi Ipo. Mpangaji akifukuzwa anaambiwa hivyohivyo. Shuleni mimi nilikuwa Binti Nafasi Ipo, na nilipopata kazi mjini nilipanda basi nikiwa nimeapa kwamba sirudi. Nilimwonea baba yangu aibu. Najua neno hilo lilivyo, na sitafuti jingine.

Nilipomaliza, nilitegemea Sikio acheke. Akauliza, "Kuta zina unene gani?"

Jumatatu tukawa njiani.

Chumba kinatazama barabara kuu ya mji, na ng'ambo ya barabara, palepale kilipokuwa tangu nikiwa mtoto, pana kibanda cha fundi viatu. Ulimi wake ni mkali kuliko sindano zake. Alituona tunashuka na mabegi, akapaza sauti. "Binti Nafasi Ipo! Umeleta mpangaji?"

"Nimeleta viatu vya kukufunga mdomo," nikamjibu. Wateja wake wakacheka, naye akacheka zaidi yao. Nilijisikia nina miaka kumi na sita tena.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi, ufunguo kifuani kwenye kamba. Tulimwamkia, akaitikia, akaufungua mlango. Mlango ule una unene wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, na haukulia. Hata ng'we. Tuliingia watatu, akauvuta, mpira ukabusu fremu, na mji ukatoweka. Palikuwa na lori linapanda kilima wakati ule. Lilikatika kana kwamba mtu amelizima kwa swichi. Nilisikia saa ya mkononi ya baba. Nilisikia shingo yangu nikiigeuza.

Sikio akapiga kofi moja. Kuta zikalirudisha kofi mara tano.

"Mwangwi," nikasema. "Haifai."

Sikio alikuwa anatabasamu, kitu ambacho hufanya mara mbili kwa mwaka. "Bosi, mwangwi ni ugonjwa wa blanketi. Kelele ndiyo ugonjwa wa pesa."

Tuliomba ruhusa kwa mwenyekiti wa zamani wa ushirika. Alicheka, akaandika barua palepale kwamba tukae bure mwaka mzima, tutamsaidia kufukuza panya. Baba aliposikia neno panya alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Humu hajawahi kuingia panya!" akasema, na akarudia jambo hilo mpaka jioni. Siku ya pili tulikusanya blanketi na magodoro kwa ndugu na majirani, tukayatundika kwenye kulabu zilizokuwa za madebe. Sikio akapiga kofi. Safari hii kofi lilikwenda na halikurudi.

Jumatano asubuhi tulianza kurekodi. Kitabu kilikuwa cha sayansi, sura ya mapafu. Sauti yangu ilikuwa imekaa vizuri, nasoma kama mtu anayemsimulia mdogo wake, na Sikio mwenye hedifoni masikioni ananionyesha dole gumba. Tumefika katikati ya aya ndefu kuliko zote, mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, lori likaingia, na baba akasema, "Dakika arobaini!"

Nilivumilia. Alieleza kwamba ndiyo ilikuwa kanuni ya wapakiaji: watu wawili wakifanya kazi ndani, mlango unafunguliwa kila baada ya dakika arobaini, waingie wengine au wapumzike. Nikamwambia sawa, lakini leo aache. Akaitikia. Dakika arobaini baadaye tulikuwa kwenye sentensi ya mwisho ya ukurasa, ile ambayo nilikuwa nimeikosea mara tatu na sasa naipata, naiona kabisa inakwenda kukaa, na mlango ukafunguka.

"Baba!" nikafoka. "Hapa hakuna maziwa! Hakuna kitu cha kuharibika humu! Miaka kumi na moja humu hakuna kitu!"

Baba alitazama saa yake, kana kwamba kosa lilikuwa la saa. "Samahani, mama," akaniambia. Akavua kamba shingoni, akaweka ufunguo juu ya meza ya Sikio, akatoka akakaa kwenye benchi la nje. Hasira zangu ziliisha kabla hajafika kwenye benchi. Kiburi ndicho hakikuisha. Sikumfuata.

Alasiri tulirekodi peke yetu. Upepo ulikuwa umeanza kupiga mluzi katika tundu la hewa, lile dogo lililo juu ya mlango, na Sikio akalishughulikia. Sikumuuliza alifanyaje, naye hakusema. Nilisoma mpaka jioni. Nilijikwaa mara nyingi, macho mazito, nikasema moyoni kwamba ni uchovu wa safari. Mwalimu, yule mkaguzi, alikuwa ameomba tumtumie chochote tulichokwisha kurekodi ili akisikilize kabla hajafika, tukamtumia vyote, vya asubuhi na vya alasiri.

Ijumaa asubuhi dalali alipiga simu. "Dada, mtu wa bima yuko hapa na kalamu mkononi." Nikamwambia anipe mpaka jioni. Sikuwa na uhakika na chochote. Kama Mwalimu angekikataa chumba hiki, ningeweza bado kumwomba aje aone kile cha mjini; tungelipa na kufunga mikanda. Kama angekataa vyote viwili, tungerudi kabatini, na kabatini kampuni ingekufa.

Mwalimu alishuka kwenye teksi saa nne, fimbo nyeupe mkononi, kitabu kinene kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye sauti. Mrefu kuliko nilivyodhani."

"Umejuaje?"

"Unaniamkia kutoka juu." Akanusa hewa, akageuza uso kuelekea benchi. "Na huyu anayenukia grisi ni nani?"

Ng'ambo ya barabara fundi viatu na wateja wake watatu walikuwa wameacha kazi wakitutazama. Nilivaa koti langu la mjini. Nilitaka mama huyu aone kampuni, si familia.

"Ni mlinzi wa chumba, Mwalimu," nikasema.

Baba alikuwa amekwisha kusimama ili asalimie. Alisalimia, akakaa tena. Nimewahi kusema maneno mabaya kwa sauti kubwa na nikasahau. Hayo niliyasema kwa sauti ya adabu, na mpaka leo nayasikia.

Tuliingia watatu, tukafunga mlango. Mwalimu alikaa kwenye kiti pembeni ya blanketi la buluu, mikono juu ya fimbo, na mimi nikaanza kusoma: mapafu ni mawili, la kulia ni kubwa kuliko la kushoto, hewa huingia kupitia puani. Kurasa mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ukurasa wa tatu nikameza neno. Wa nne nikasoma mstari mmoja mara mbili bila kujua. Jasho lilinitoka chini ya lile koti langu la mjini, kichwa kikawa kizito, na nilipomtazama Sikio anisaidie, Sikio alikuwa ameegemea godoro, kope zimekutana.

"Simama," Mwalimu akasema.

Nikasimama. Nilijua kitakachofuata.

"Mwanangu, rekodi zako nimezisikiliza zote. Jumatano asubuhi kulikuwa na msomaji hodari. Alikuwa anakatizwa na mlango, anakasirika, lakini alikuwa hodari. Jumatano alasiri kulikuwa na mtu anayeota. Na huyu wa leo ni yule yule anayeota. Nimekuja kujua yule wa kwanza alikwenda wapi."

Hapohapo mlango ukafunguka. Upepo ukaingia, nikauvuta kama maji. Baba alikuwa amesimama kizingitini, amevua kofia, saa yake kwenye kiganja.

"Mnisamehe," akasema. "Niliambiwa nisifungue. Lakini ndani kuna watu watatu. Watatu si dakika arobaini, watatu ni ishirini na saba. Nimevumilia mpaka thelathini."

Mwalimu aligeuka upande wake. "Na wewe ni mlinzi tu?"

Baba alinitazama. Ilikuwa zamu yake ya kunivua nguo mbele ya mgeni, na hakuna mtu angemlaumu.

"Ndiyo, Mwalimu," akajibu. "Mlinzi wa chumba."

Hapo ndipo kiburi changu kilipovunjika, na nashukuru kilivunjika kwa kishindo. "Hapana!" nikasema, kwa sauti iliyovuka barabara. "Ni baba yangu. Ni fundi. Hiki ni chumba chake. Amekitunza miaka kumi na moja bila mshahara, na wewe umekaa ndani yake hujasikia hata bawaba. Mimi ndiye niliyekuwa naona aibu. Sasa naona aibu kwa sababu nyingine."

Kisha Mwalimu akacheka polepole. "Nilijua ni baba yako. Wote wawili mnavuta pumzi ndefu kabla ya kubishana."

Baba hakuwa akitusikiliza tena. Alikuwa ameinua uso, anatazama juu ya mlango. "Nani amekiziba pua?" akauliza. Akapanda kwenye kigoda, akaingiza mkono kwenye tundu la hewa na kuvuta. Ukatoka mto. Mto mzima wa kulalia, wenye foronya ya maua, wa shangazi yangu.

"Mimi," Sikio akasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Sikuulizwa."

"Ni mluzi, Baba," nikaeleza. "Upepo ulikuwa unapiga mluzi. Ungeingia kwenye rekodi."

"Tundu la hewa halizibwi, linapindwa shingo," baba akasema. Akatoka, akarudi na kipande cha bomba kilichopinda, kimefungwa kwenye gazeti la zamani na kupakwa mafuta kisishike kutu. Alikuwa amekihifadhi tangu siku mitambo ilipouzwa. Wanunuzi walikiona chakavu. Akakichomeka kwenye tundu, mdomo ukitazama chini, akazungushia ukanda wa mpira, akashuka. Nje upepo ulikuwa bado unavuma. Sikio alivaa hedifoni, akafunga macho, safari hii kwa kazi, akakaa hivyo muda mrefu.

"Kimya," akasema. "Na hewa inaingia."

"Mlikuwa mnasoma sura ya mapafu," Mwalimu akaniambia, "ndani ya chumba kisichopumua. Ningekuwa mwanafunzi wenu ningecheka mpaka kengele ilie." Akanyoosha mkono, akapapasa ukuta, akapita kwenye blanketi, akafika kwenye mpira wa mlango na kuufuata kwa kidole kutoka juu mpaka chini. "Nimekagua vyumba vingi, huko mjini hasa. Naambiwa vina mazulia ukutani na taa za rangi. Hakuna kimoja kilichokuwa na mtu anayekijua. Kazi nitawapa. Lakini kwenye mkataba nataka kuona watu watatu, na huyu awe mmoja wao, kwa mshahara. Akiondoka yeye, na mimi naondoka."

"Tumwandike kwa cheo gani?" nikauliza, na nikamtazama baba. "Fundi Mkuu wa Chumba?"

"Fundi inatosha," baba akasema. "Hicho ninacho tayari."

Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya watu, kwa kuwa nilimkosea mbele ya watu. Alinishika kichwani kama nilipokuwa mdogo, akaniambia nivue koti hilo, nitaungua. Kisha nikauchukua ufunguo mezani, nikamvika shingoni kwa mikono yangu.

Nilitoka nje kumpigia dalali.

"Mpe mtu wa bima," nikamwambia. "Tumepata kwingine."

"Wapi, dada?"

Nikamtajia mji wetu. Ukiwatoa Sikio na Mwalimu, nilikuwa sijautamka mbele ya mtu wa mjini kwa miaka mingi, na niliutamka taratibu, herufi moja isipotee.

"Huko?" dalali akashangaa. "Huko kuna nini?"

"Kuna chumba cha baba yangu," nikasema, na safari hii aliyekatiwa simu alistahili.

Nilipogeuka, Mwalimu alikuwa amefungua kitabu chake kinene juu ya magoti. Kilikuwa cha nukta nundu, kurasa zimechakaa kwa kusomwa. Alisema hajawahi kusikia sauti yake mwenyewe katika chumba kama hiki na haondoki bila kurekodi ukurasa mmoja. Sikio akakaa kwenye mashine. Mwalimu akaweka vidole kwenye mstari wa kwanza. Baba akauliza kama wako tayari, akatazama saa, akaufunga mlango kwa mikono miwili, taratibu, kama unavyomfunika mtoto aliyelala.

Tukabaki wawili nje. Baba aliusogelea ubao, akaushika pande zote mbili. Nikakumbuka kwamba nilipokuwa shuleni nilimuuliza kwa nini kila mwaka anapaka rangi hata upande ambao hakuna anayeuona. Alinijibu kwamba siku ukihitajika hapatakuwa na muda wa rangi kukauka. Sasa akaugeuza. Nyekundu yake ilikuwa mbichi kama ya jana. KIMEJAA.

Alirudi nyuma hatua mbili, akautazama. Hakuridhika. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuka barabara. Nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja hadi kibandani kwa fundi viatu, akakaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo watu walikaa miaka kumi na moja wakimcheka, akauangalia ubao wake kutoka huko. Wateja walisogea wampishe. Hakuna aliyetoa mzaha. Fundi viatu alikuwa ameshika kiatu mkono mmoja na nyundo mkono mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa anatafuta neno.

"Kimejaa?" akauliza mwishowe. "Kimejaa nini?"

"Kazi," baba akajibu.

Fundi viatu akaweka nyundo chini. "Haya, sasa ndugu yangu, tutakuita nani?"

Baba alitazama saa yake, akasimama, akakung'uta suruali.

"Mtafikiria wenyewe," akasema. "Nina watu wawili ndani." Akavuka barabara kurudi kazini.